Barua ya wazi kwa wanaosimamia shule za kata: kidato cha nne mmechelewa, njooni kidato cha kwanza

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa viongozi wa TAMISEMI, na kwa wakurugenzi wa halmashauri pamoja na maofisa elimu sekondari.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari ya kata, kwenye mji mdogo ulio kando ya barabara kuu. Jina la shule siliandiki, kwa sababu ninayoyasema si ya shule yetu peke yake, na sipendi mkuu wangu wa shule aitwe kujieleza kwa ajili ya barua yangu. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema, ili hata mwenye haraka asiondoke bila kulisikia: nguvu mnazozielekeza kidato cha nne, zihamishieni kidato cha kwanza. Mtoto anayepata sifuri, yaani anayefeli mtihani wa taifa, Novemba ya mwaka wa nne alishapotea katika muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza. Sisi walimu huwa tunamwona anavyopotea.

Naanza na namba mnayoletewa mezani. Kwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024, ufaulu wa kitaifa ulikuwa asilimia 92.37. Namba hiyo inajumlisha madaraja yote ya ufaulu, divisheni ya kwanza mpaka ya nne. Naomba mtazame divisheni ya nne inavyopatikana. Masomo yanayohesabiwa ni saba. A ina pointi 1, D ina 4, F ina 5. Mtahiniwa mwenye D mbili na F tano anafikisha pointi 33, na divisheni ya nne inaishia hapo hapo kwenye 33. D inaanzia alama 30. Kwa hiyo mtoto aliyepata alama 30 za Kiswahili na 30 za Uraia, kwingine kote akaanguka, yumo ndani ya ile asilimia 92. Akienda kuomba chuo ngazi ya cheti anaulizwa D nne, naye hana. Kidato cha tano kinataka C tatu, yeye hana hata moja. Wazazi wake waliambiwa amefaulu, wakafurahi na majirani wakaja kuwapongeza. Ilipofika wakati wa kuomba vyuo, mama yake akaja shuleni kuniuliza mimi kwa nini hakuna chuo kinachompokea mwanawe.

Nimekaa na wazazi wa namna hiyo kwenye benchi la nje ya ofisi ya walimu, na sina jibu la kuwapa linaloendana na kile walichosikia redioni.

Sisemi kwamba hatujapiga hatua. Nakumbuka, na ninyi mnakumbuka, matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Iliundwa tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa viwango vingine. Baadaye ikaja GPA, yaani kupanga madaraja kwa wastani wa alama, haikukaa, tukarudi kwenye divisheni. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora, uamuzi ambao mimi binafsi niliupokea kwa mikono miwili, maana kulinganisha shule ya kata yenye watoto tisini darasani na shule inayochagua wanafunzi kwa mtihani wake yenyewe hakukuwa haki. Lakini mtazame mfululizo huo. Mara nyingi tulichobadilisha ni namna ya kupima na namna ya kutangaza. Mtoto anayeingia getini Januari na daftari zake mpya yuko vile vile.

Huyo ndiye ninayetaka mumwone.

Anatoka shule ya msingi alikosoma miaka saba kwa Kiswahili. Alisoma sehemu na asilimia kwa Kiswahili, mfumo wa chakula kwa Kiswahili, maumbo kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza na kila kitu, ukiacha Kiswahili chenyewe na masomo machache, kinakuwa kwa Kiingereza: vitabu, maelezo ubaoni, mitihani. Kuna kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki chache kwa wanaoanza. Ni wazo zuri, ila kwetu haifanyi kazi, kwa sababu watoto hawafiki wote pamoja. Wapo wanaoripoti siku ya kwanza, wapo wanaokuja Februari, wapo wa Machi. Serikali imekuwa ikielekeza wapokelewe hata bila sare, na sisi tunawapokea, lakini mzazi anaona aibu kumleta mwanawe na nguo za nyumbani, basi anasubiri mpaka auze kitu. Mtoto akifika, kozi imekwisha na tumeshaanza mada za mtaala.

Mwaka huu nilikuwa na binti mmoja, mkimya, anayekaa karibu na dirisha. Kwenye jaribio la kwanza aliacha wazi karibu karatasi nzima. Nikamwita baada ya kipindi, nikamwonyesha swali la kugawa fedha kwa uwiano kati ya watu watatu. Alilitazama, akaendelea kulitazama, akanyamaza. Nikamsomea lile lile kwa Kiswahili. Kabla sijamaliza alikuwa ameshaandika hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu, na jibu lilikuwa sahihi. Nikampa la pili, akapata. La tatu akakosea kidogo kwenye kutoa, akajirekebisha mwenyewe. Mtoto huyu kwenye rekodi zangu ana alama 11. Kwenye takwimu zenu ni mmoja wa wale wanaoitwa dhaifu wa Hisabati. Mimi niliyekuwa naye pale naapa kwamba hesabu anaiweza.

Akipanda madarasa hali inajificha zaidi, maana watoto wanajifunza kunakili. Chukueni daftari la Baiolojia la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwandiko umenyooka, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa wino mwekundu, mchoro wa moyo una majina yote. Mwambieni achague sentensi moja aieleze. Wengi hawawezi. Mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anapitia madaftari, anakuta maelezo yamekamilika, anasaini. Simlaumu, ana shule nyingi na siku chache. Nasema tu kwamba daftari zuri limetuficha mengi.

Sasa niseme nani anawafundisha watoto hawa wa kidato cha kwanza, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Shule yetu ina walimu wawili wa Hisabati kwa mikondo kumi na miwili. Mwalimu wa taaluma anapopanga ratiba anajua wazi atakachoulizwa kwenye kikao cha tathmini cha wilaya: kidato cha nne walipataje? Hakuna anayemuuliza kidato cha kwanza wanasoma nini. Kwa hiyo walimu wenye uzoefu wanapelekwa kidato cha nne na cha tatu. Kidato cha pili wanapata kidogo kwa sababu ya upimaji wa taifa. Kidato cha kwanza wanapewa mwalimu wa kujitolea, kijana aliyemaliza chuo akisubiri ajira, ambaye posho yake inatokana na michango ya wazazi, na mwezi ambao michango haijakamilika anaondoka kwenda kutafuta riziki. Au wanapewa mwalimu wa somo lingine anayeshikilia kipindi. Au hawapewi mtu.

Halafu mwaka wa nne unafika na tunaamka. Inaandaliwa kambi. Wazazi wanaleta mahindi na maharage, wanafunzi wanalala madarasani, walimu tunafundisha usiku na Jumamosi, tunapitia mitihani ya miaka iliyopita, mtihani wa moku (wa majaribio) wa wilaya, wa mkoa, halafu tena. Nimeshiriki kambi hizo na nitaendelea kushiriki, siwezi kumtazama mtoto anazama nikakunja mikono. Ila nawaambia kwa uwazi kinachofanyika mle. Tunamfundisha mtoto mada tatu au nne za kuokotea alama 30. Takwimu, matriki, labda seti. Tunamwambia aruke jiometri, aruke trigonometria. Tunatafuta ile D. Hiyo ndiyo elimu ya Hisabati tunayompa mtu ambaye tungekuwa tumemshika vizuri miaka mitatu iliyopita. Ndiyo maana kwa miaka mingi watahiniwa wanaofaulu Hisabati nchini hawafiki hata theluthi, huku asilimia ya jumla ikipanda.

Kuhusu walimu, mnajua upungufu wa sayansi na Hisabati kuliko mimi. Ajira zikitolewa tunashukuru. Ninachoomba mkitazame ni kitu kingine: anayepangiwa mji mdogo kama wetu anakaa kwa muda gani? Mwalimu wa Fizikia aliyeletwa kwetu alikuwa mzuri kweli kweli, watoto walianza kubaki baada ya masomo kumuuliza maswali. Hakupata nyumba, akawa anapanga chumba nyuma ya gesti karibu na stendi. Hakumaliza mwaka wa pili, alihamia mjini kwa mwenzi wake, na haki hiyo anayo. Nafasi yake ilibaki kwenye makaratasi ya ikama, yaani idadi ya walimu shule inayotakiwa kuwa nao. Uhamisho ungeweza kwenda sambamba na mtu wa kuziba pengo, hata kama maana yake ni kumchelewesha anayeondoka mpaka muhula uishe.

Fedha nitazigusa kwa kifupi. Elimu bila ada tangu Januari 2016 ni jambo ambalo siwezi kulisema vibaya, nimeona watoto ambao wasingekanyaga sekondari wakiingia. Lakini piga hesabu nami. Kwa mwanafunzi wa kutwa, serikali inaifidia shule ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, na kuna ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000, ambayo nusu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika ni 32,500. Gawanya kwa siku 194 za masomo: haifiki shilingi 170 kwa mtoto kwa siku, humo mna chaki, umeme, maji, mlinzi, karatasi za mitihani na kemikali za maabara. Viwango hivi ni vya tangu enzi za MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 na kuzijenga shule hizi za kata. Bei za leo si za wakati ule. Matokeo yake, mtoto anagusa bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo wa Kemia.

Kuna mambo ya nje ya darasa pia ambayo mji mdogo unayo kwa namna yake. Siku ya mnada mahudhurio yanashuka kwa kiasi ambacho hata bila kuita majina unaona. Wavulana wanabeba mizigo stendi, wengine wanapokezana pikipiki za kaka zao. Wanafunzi wanaotoka vijiji vya mbali wanapanga vyumba mtaani, mageto kama wanavyoyaita wenyewe, watoto wa miaka kumi na minne wanajipikia, wanajiamulia saa ya kulala, hakuna mtu mzima. Kwa wasichana hatari iliyomo humo haihitaji maelezo yangu. Waraka wa mwaka 2021 ulioruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni ulikuwa wa haki kabisa. Hosteli moja yenye matroni ingewafanya wengi wasiuhitaji. Na chakula cha mchana: tuliona mahudhurio ya vipindi vya saa nane yakibadilika pale wazazi walipokubali kuchangia, na yakarudi nyuma msimu wa mavuno mabaya.

Narudi kwenye lugha, kwa kuwa ndiyo inayoniumiza zaidi. Sijaandika kudai sekondari nzima ifundishwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Mjadala huo ni mkubwa, na hata katika sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Ninachoomba kinawezekana ndani ya sera iliyopo. Kozi ya kuanzia iwe ya muhula mzima, si wiki, na isihesabike kuwa ni muda uliopotea kwenye azimio la kazi. Mwalimu wa kidato cha kwanza na cha pili aruhusiwe kwa maandishi kueleza kwa Kiswahili na kurudi kwenye Kiingereza, asiwe anachungulia mlangoni kama mkaguzi yupo. Leo karibu wote tunafanya hivyo kwa kujificha, na jambo linalofanywa kwa kujificha halifanywi vizuri. Hakuna semina wala mwongozo wake, kila mtu anabuni kivyake. Pia, kabla ya kozi hiyo kuanza, kila anayeripoti apimwe kusoma na hesabu za msingi, na majibu ya kipimo hicho yatumike kupanga nani asaidiwe nini. Tunapokea watoto wenye matokeo ya darasa la saba ambao kusoma aya moja ya Kiswahili ni kazi. Huyo kumwambia achore grafu ni kumwonea.

Kwenye vikao vya tathmini, anzeni kuuliza maswali mengine. Mkuu wa shule aje na idadi ya waliopata divisheni ya kwanza mpaka ya tatu, na kando yake idadi ya wenye angalau D nne, ambao chuo cha cheti kinaweza kuwapokea. Wa D mbili watajwe peke yao ili waonekane. Kisha aulizwe: kidato cha kwanza wana walimu wangapi wa Hisabati na Kiingereza, na wana uzoefu gani? Mkianza kuuliza hilo, nawahakikishia ratiba za shule zitabadilika kabla ya muhula kwisha. Mwalimu wa taaluma anapanga kulingana na anachoulizwa.

Wakurugenzi wa halmashauri mnaweza kulifanya hili hata bila fedha mpya kutoka Dodoma. Mwalimu mmoja mzuri wa Kiingereza kuhamishwa kutoka kidato cha nne kwenda cha kwanza hakugharimu kitu. Posho ya walimu wa kujitolea ikitoka kwenye mapato ya ndani, hata kama ni ndogo, watakaa.

La mwisho lina tarehe. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watakuwa wanamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Shuleni kwetu kidato cha kwanza wana vyumba vitatu, na kila kimoja kina watoto wanaokaribia tisini, wakati kiwango chenu wenyewe ni arobaini. Mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, umejenga shule mpya na tumeziona, lakini kata yetu haijapata, na jengo bila mwalimu wa Hisabati halitamsaidia yule binti wa dirishani wala mdogo wake, ambaye kwa hesabu zangu ni mmoja wa watakaoingia mwaka huo. Naomba kila halmashauri ibandike hadharani, kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, mpango wake wa Januari 2028: vyumba vingapi, madawati mangapi, na walimu wangapi wa Hisabati na Kiingereza watakaokuwa kidato cha kwanza siku hiyo, wakitajwa kwa shule wanazokwenda. Sisi walimu na wazazi tutausoma, na tutawaambia mapema wapi hautoshi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Hisabati, shule ya sekondari ya kata